Ambroise Paré, kinyozi aliyefunga mishipa ya damu

Mbuzi anapochinjwa, ninyi wote mmeona namna damu inavyoruka. Haitoki polepole kama maji ya mtungi uliopasuka. Inaruka kwa mapigo, kwa sababu moyo ndio unaoisukuma. Kwa mtu ni vivyo hivyo. Mtu mzima ana damu ya litri tano hivi mwilini mwake. Akipotewa na litri mbili kwa upesi, na pasipo msaada, yu karibu na kufa. Na ndani ya paja unapita mshipa mmoja, mnene karibu kama kidole kidogo cha mkono. Huo ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache tu.

Sasa fikirini mguu uliopondwa na mzinga vitani, au mguu ulioanza kuoza. Mara nyingi mganga hana njia nyingine ila kuukata, kusudi amwokoe mtu mwenyewe. Lakini akikata mguu, anakata pia mishipa yake yote ya damu. Je, ataizuia damu namna gani? Kwa miaka mingi sana waganga wa Ulaya walijibu swali hilo kwa moto. Aliyewaonyesha njia nyingine alikuwa mtu asiyejua Kilatini, aliyeanza kazi yake kwa kunyoa ndevu za watu.

Ambroise Paré alizaliwa karibu na mwaka 1510, katika kijiji cha Bourg-Hersent, kando ya mji wa Laval, upande wa magharibi wa inchi ya Ufaransa. Wazazi wake hawakuwa matajiri, wala hawakuweza kumpeleka katika shule kubwa. Basi kijana akajifunza kazi ya kinyozi.

Msicheke. Kinyozi wa siku zile hakuwa mtu wa kukata nywele tu. Yeye ndiye aliyeng'oa meno, aliyepasua majipu, aliyefunga vidonda na kuunga mifupa iliyovunjika. Madaktari wenyewe, wale waliosoma Chuo Kikuu cha Paris, walivaa kanzu ndefu, walisema Kilatini, walitazama mkojo wa mgonjwa katika chupa na kuandika dawa. Kushika kisu na kuchafua mikono kwa damu, hapana! Waliona ni kazi ya watu wadogo. Katikati yao walikuwako waganga wa kupasua wa chama cha Mtakatifu Kosma, nao wakajiona wakubwa kuliko vinyozi. Hivyo daktari alimdharau mpasuaji, na mpasuaji alimdharau kinyozi. Mgonjwa naye akawangojea wote watatu.

Karibu na mwaka 1533 Ambroise akafika Paris. Akapata kazi katika hospitali ya Hôtel-Dieu, maana yake Nyumba ya Mungu, iliyo kando ya kanisa kuu la Notre-Dame. Masista waliwatunza wagonjwa maskini mle, nao walikuwa wengi hata kitanda kimoja kikalaza watu kadhaa. Ambroise alikaa humo miaka mitatu hivi. Aliona magonjwa ya kila namna, akaosha vidonda, akawatazama waliopona na waliokufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake kubwa, na kwa maisha yake yote aliitaja kwa furaha.

Katika miaka ya 1536 na 1537 jeshi la mfalme wa Ufaransa lilivuka milima mirefu ya Alpes, likaenda kupigana huko Turin, katika Italia. Paré akaenda nalo kama mganga wa mkubwa mmoja wa jeshi. Hakuwa amepata kuona kidonda cha bunduki. Bunduki zilikuwa kitu kipya siku zile, na vitabu vikubwa vilifundisha kwamba baruti ni sumu, kwa hiyo kila kidonda cha risasi lazima kimiminiwe mafuta yanayochemka. Vinyozi wote wa jeshi walifanya hivyo. Paré aliwatazama kwanza, kisha akajitia moyo, akafanya kama wao.

Siku moja watu waliojeruhiwa walikuwa wengi mno, mafuta yakamwishia. Afanyeje? Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na utomvu wa msonobari, akawapaka waliobaki. Usiku ule hakuweza kulala vema. Aliogopa kwamba asubuhi atawakuta wamekufa kwa sumu, wale ambao hakuwachoma. Kabla ya jua kuchomoza aliondoka kitandani, akaenda kuwatazama. Kumbe! Wale waliopakwa dawa ya yai walikuwa wamelala usiku, maumivu yao yalikuwa machache, na vidonda vyao havikuvimba. Wale waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa kali, maumivu makubwa na uvimbe. Toka siku hiyo akakata shauri asichome tena maskini aliyejeruhiwa na bunduki.

Tazameni vizuri jambo alilofanya. Kitabu kilisema hivi, na macho yake yaliona vile. Wengi wangesema macho yao yamekosa. Yeye aliangalia tena, akahesabu tena, akaamini alichokiona.

Huko huko Italia mtoto mmoja wa jikoni alianguka katika chungu cha mafuta yaliyo karibu kuchemka. Paré alikwenda kutafuta dawa dukani. Mwanamke mzee wa shamba aliyekuwa pale akamshauri asage vitunguu vibichi pamoja na chumvi, akavibandike. Mganga mwingine angemfukuza bibi yule. Paré alimsikiliza, akajaribu, na kesho yake akaona kwamba mahali palipobandikwa vitunguu hapakuwa na malengelenge, na mahali pengine yalikuwapo. Baadaye askari mmoja alipoungua na baruti usoni, akampaka kitunguu upande mmoja wa uso na dawa ya kawaida upande wa pili, kusudi alinganishe. (Ninyi msifanye hivyo nyumbani. Kwa mtu aliyeungua, maji safi ya baridi ndiyo yanayofaa, halafu mpelekeni hospitali.) Wala msiwaze kwamba Paré alijua kila kitu. Huko Turin alimbembeleza mganga mmoja kwa miaka miwili ampe siri ya dawa yake ya vidonda, na siri hiyo ilikuwa mafuta yaliyopikwa pamoja na vitoto vya mbwa na nyungunyungu! Paré aliifurahia sana.

Alirudi Paris. Mwaka 1541 akapata cheo cha fundi wa unyozi na upasuaji, akaoa mke, Jeanne Mazelin. Mwaka 1545 akatoa kitabu chake cha kwanza juu ya vidonda vya bunduki. Alikiandika kwa Kifransa, si kwa Kilatini, kwanza kwa kuwa Kilatini hakukijua, tena kwa kuwa alitaka vinyozi wa jeshi waweze kukisoma. Madaktari wa kanzu ndefu walikasirika. Waliona kwamba elimu ikiandikwa katika lugha ya watu wote inapoteza heshima yake. Ninyi mnaosoma habari hii kwa Kiswahili mwaweza kupima wenyewe kama walisema kweli.

Sasa tuje kwenye mambo ya mguu.

Paré alikuwa ameacha kuchoma vidonda vya risasi, lakini kwa kukata miguu aliendelea kutumia moto kama wengine. Desturi ilikuwa hii. Watu wenye nguvu walimshika mgonjwa, kwa maana dawa ya kumlaza usingizi haikuwako bado. Mganga alikata nyama kwa kisu, akapiga msumeno mfupani upesi iwezekanavyo. Kando yake palikuwa na jiko la makaa na vyuma vimewekwa ndani hata vimekuwa vyekundu. Mguu ulipoanguka, alichukua chuma kimoja baada ya kingine, akachoma mahali palipokatwa mpaka damu isimame. Kilio cha mgonjwa kilisikika mbali.

Na mara nyingi mateso hayo yote hayakufaa kitu. Moto unafanya kigaga juu ya mshipa, kama kizibo. Baada ya siku chache kigaga kinaoza na kuanguka, na damu inatoka upya, labda usiku, wakati hakuna mtu anayeangalia. Hapo ilibidi kuchoma tena, juu ya nyama iliyokwisha kuungua. Nyama ikafa, mfupa ukabaki wazi, na hata aliyeokoka alikaa na donda lisilopona, asiweze kuvaa mguu wa mti. Paré mwenyewe aliandika kwamba katika watu sita waliochomwa hivyo ni shida kuokoka wawili.

Alikuwa akifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Waganga wa kale, kama Galeno, walikwisha kuandika kwamba mshipa unaotoa damu katika kidonda waweza kufungwa kwa uzi. Paré akajiuliza: ikiwa mshipa uliokatwa na upanga hufungwa, kwa nini usifungwe mshipa uliokatwa na mganga mwenyewe? Basi hakubuni uzi wala fundo. Alichofanya ni kuvileta mahali ambapo wenzake waliona moto tu.

Hakufanya kwa siri wala kwa majivuno. Alikwenda kwa waganga wenzake wa Paris, mmojawapo Étienne de La Rivière, akawaeleza mawazo yake. Wakashauriana, wakakubali kwamba wajaribu kwa mgonjwa wa kwanza atakayepatikana, ila vyuma viwe tayari motoni, ili uzi ukishindwa wasimwache mtu afe. Hayo ni maneno ya watu wenye akili: walithubutu, lakini si kwa hatari ya maisha ya mtu mwingine.

Mwaka 1552 jeshi la Mfalme Henri wa pili liliuzinga mji wa Damvillers, upande wa mashariki wa Ufaransa ya leo. Risasi kubwa ya mzinga ikatoka mjini, ikapenya hema la bwana de Rohan, ikampiga mguuni mmoja wa watu wake. Mguu ulikuwa umekwisha kuharibika. Paré aliitwa. Ilibidi amalizie kuukata, naye akaumaliza bila kumgusa mtu yule kwa chuma cha moto.

Nitawaeleza jinsi alivyofanya kazi hiyo, kama alivyoifundisha baadaye katika vitabu vyake.

Kwanza alivuta ngozi na nyama kuelekea juu, akafunga ukanda wa nguvu kuzunguka mguu, juu kidogo ya mahali pa kukata, akaukaza sana. Ukanda huo ulikuwa na faida tatu. Ulishika ngozi na nyama juu, ili baadaye zirudi chini na kuufunika mfupa. Ulibana mishipa mikubwa, damu isimwagike wakati wa kukata. Tena ulitia ganzi mguuni, na mgonjwa akasikia uchungu mdogo kidogo. Halafu akakata nyama kwa kisu kilichopindika kama mundu, akasogeza nyama kwa kitambaa, akapiga msumeno.

Mguu ulipokwisha kutoka, hakuita moto. Alichukua koleo dogo ambalo alilipa jina la mdomo wa kunguru, kwa sababu ya umbo lake. Alilegeza ukanda kidogo, akatazama damu inatoka wapi. Hapo mishipa inajionyesha yenyewe, maana kila mmoja unatema damu yake. Kwa mdomo wa kunguru akashika ncha ya mshipa, akauvuta nje kidogo, akaufunga kwa uzi uliokunjwa mara mbili, akaukaza. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Kazi hiyo inataka macho makali, mkono usiotetemeka, na msaidizi anayefahamu. Ikiwa baadaye fundo lilifunguka na damu ikaanza upya, alikaza tena ukanda, akatwaa sindano ndefu kama vidole vinne, akaipitisha toka nje ya ngozi mpaka ndani, ikazunguka mshipa na kurudi nje. Akafunga uzi juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili uzi usikate nyama. Mwisho alirudisha ngozi na nyama juu ya mfupa, akashona nyuzi nne kwa mfano wa msalaba.

Mtu wa Damvillers alipona. Alirudi kwao na mguu wa mti, tena kwa furaha, akisema kwamba ameupata kwa bei nafuu, kwa kuwa hakuchomwa. Paré alipoulizwa juu ya wagonjwa kama huyo, alikuwa na desturi ya kujibu kwamba yeye amefunga kidonda tu, na Mungu ndiye aliyeponya.

Toka hapo alifunga mishipa kila mahali. Mwaka ule ule 1552, mwezi wa Desemba, mfalme alimtuma Metz, mji uliokuwa umezingwa na majeshi ya Kaisari Karoli wa tano. Aliingizwa usiku kwa siri, pamoja na dawa zake. Wakubwa na askari walimpokea kwa shangwe, kwa maana waliona kwamba sasa, hata wakijeruhiwa, wanaweza kuishi. Mwaka uliofuata hakuwa na bahati hiyo. Mji wa Hesdin ulipotekwa, naye alitekwa ndani yake. Akajificha katika nguo za askari maskini, asije akadaiwa fedha nyingi za ukombozi. Lakini mikono yake ilimtambulisha, kwa kuwa hakuweza kuacha kuwatunza wagonjwa. Mkubwa mmoja wa adui, de Vauldeville, alikuwa na donda la mguu la miaka sita au saba, lililowashinda waganga wengine. Wakapatana: Paré akimponya, atamwachilia bure. Akamponya, akaachiliwa.

Mwaka 1554 waganga wa Mtakatifu Kosma wakampokea katika chama chao. Madaktari walinung'unika kwa sababu Kilatini chake kilikuwa kibovu mno, na hapo walisema kweli. Alikuwa mganga wa wafalme wanne, mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo cheo hakizuii mauti: mwaka 1559 Mfalme Henri wa pili alichomwa na kipande cha mkuki karibu na jicho, katika mchezo wa farasi, na Paré pamoja na Vesalius, bingwa mkubwa wa elimu ya mwili, hawakuweza kumwokoa.

Halafu, mwaka 1561, jambo lilimpata yeye mwenyewe. Farasi alimpiga teke mguuni. Mifupa yote miwili ya mguu ilivunjika, ikatoboa ngozi, soksi na hata kiatu kirefu. Siku hizo kidonda cha namna hiyo mara nyingi kiliishia kwa kukatwa mguu, au kwa kaburi. Nani aliyejua hayo kuliko Paré? Alikuwa ameona miguu mingi ya namna hiyo juu ya meza yake. Alimwambia mganga mwenzake asimhurumie kwa sababu ya urafiki, amtendee kama mtu asiyemjua, apanue kidonda kama ni lazima, atoe vipande vya mfupa. Alilala siku nyingi na homa. Lakini mguu haukukatwa, na aliposimama tena alitembea bila kuchechemea.

Mwaka 1564 alitoa vitabu vyake kumi vya upasuaji. Humo alieleza kwa wote namna ya kufunga mishipa, na akawaomba waganga waache ile desturi ya moto. Humo pia kuna picha ninazozipenda mimi kuliko zote. Ni picha za miguu na mikono ya kutengenezwa. Mmoja ni wa chuma, una goti linalokunjika, kazi ya fundi wa makufuli wa Paris. Huo ulikuwa wa matajiri. Kando yake amechora mwingine wa mti, na kuandika kwamba ni mguu wa maskini. Yaani hakuona kazi yake imekwisha damu iliposimama. Alikata mguu akifikiri siku ile ambayo mtu atarudi kutembea, na kwa hiyo alijua toka mwanzo mahali pa kukata, na urefu wa kigutu cha kuacha.

Je, waganga wote walimfuata? Hapana. Mwaka 1580 daktari mkubwa wa Paris, Étienne Gourmelen, aliandika kwa Kilatini kwamba kuacha chuma cha moto na kufunga mishipa ni ujinga na hatari. Paré alikuwa mzee wa miaka sabini. Alimjibu mwaka 1585 kwa Kifransa chake. Alionyesha kwanza kwamba watu wa kale walijua kufunga mishipa. Halafu akahesabu safari zake, mji kwa mji, vita kwa vita, akawataja wagonjwa waliopona, akamkumbusha daktari kwamba yeye amejifunza upasuaji akikaa kitini na kusoma, bila kutoka chumbani. Ni jibu kali. Labda ni kali kupita kiasi, lakini kama ningekuwa na mguu wa kukatwa, najua ningemwita nani.

Hata baada ya jibu hilo, moto uliendelea kutumiwa mahali pengi. Sababu haikuwa ukaidi peke yake. Kufunga mishipa mingi ya paja kunataka muda, na ukanda wa siku zile ulilegea upesi. Mwaka 1718 Mfaransa mwingine, Jean-Louis Petit, alitengeneza ukanda wenye parafujo, ambao mganga aliweza kuukaza na kuulegeza kama atakavyo, na hapo kazi ya nyuzi ikawa nyepesi. Tena lilikuwako tatizo ambalo Paré hakulijua: vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mikono haikuoshwa kwa dawa, uzi haukuchemshwa, vidonda vilitoa usaha, na wengi waliookoka na damu walikufa kwa homa. Iliwapasa watu kungojea mpaka mwaka 1867, Mwingereza Lister alipofundisha kusafisha vidonda na vyombo kwa dawa ya kuua vijidudu. Dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa imejulikana kwa wote toka mwaka 1846, huko Boston, Marekani. Na damu yenyewe, ikiwa imekwisha kumwagika? Mwaka 1901 Landsteiner, daktari wa Vienna, alieleza kwamba damu za watu si za aina moja. Mwaka 1914 daktari Hustin wa Brussels, Ubelgiji, alitia dawa ndani ya damu ili isigande, akampa mgonjwa damu ya mtu mwingine. Leo mganga akikata mguu, anakaza ukanda, anashika mshipa kwa koleo, anafunga uzi, na mfuko wa damu uko tayari pembeni. Vitu viwili vya katikati ni vile vile vya Damvillers, ila uzi sasa ni safi.

Turudi kwa mzee wetu. Mke wake Jeanne alikufa mwaka 1573, akaoa tena mwaka uliofuata. Aliendelea na kazi, akasahihisha vitabu vyake, akagombana na madaktari.

Mwaka 1590 Paris ilizingwa na Mfalme Henri wa nne. Wenyeji walikuwa wamekataa kumpokea kwa sababu hakuwa Mkatoliki bado, na wakubwa wa mji hawakutaka kusikia neno la amani. Chakula kikaisha. Watu walikula farasi, punda, mbwa na majani, nao wakafa kwa maelfu katika njia za mji. Paré alikuwa na miaka kama themanini. Alikuwa amezoea miji iliyozingwa, lakini mara hii hapakuwa na mshipa wa kufunga.

Siku moja, kwenye daraja la Saint-Michel, alikutana na Askofu mkuu wa Lyon, mmoja wa wakubwa waliokuwa na sauti katika mji. Watu wenye njaa walikuwa wamemzunguka askofu, wakilia. Mzee akasimama mbele yake, bila kuogopa cheo chake, akamwambia kwa sauti kubwa kwamba maskini hawa anaowaona wanakufa kwa njaa, nao wanamwomba amani kwa jina la Mungu, na kama hataki kuwapa, Mungu atamwuliza habari za roho zao. Askofu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amezoea kusemwa hivyo. Baadaye aliwaambia watu kwamba maneno ya mzee yule yalimgusa sana.

Siku chache baadaye majeshi yaliuacha mji, na magari ya chakula yakaingia. Ambroise Paré alikufa mwaka ule ule, tarehe 20 Desemba 1590, nyumbani kwake Paris. Walimzika katika kanisa la Saint-André-des-Arts, karibu na daraja lile.